Wafanyakazi wa Hospitali Wafundishwe Sheria ya Mgonjwa



Tumeletewa ofisini habari ya mwenzetu mmoja wa gangi ya njia. Walikuwa wakibadilisha mataruma, reli ikateleza ikambana mguu. Akapelekwa hospitali ambayo hatutaitaja jina. Alifika saa nane mchana, akalazwa, akapewa dawa ya kutuliza maumivu, akawa anazungumza na jirani zake wadini. Saa tatu usiku akaja mtu na karatasi ya Kiingereza na kidau cha wino, akasema, "Weka dole hapa, mzee, daktari anangoja." Akaweka dole. Asubuhi alipozinduka, vidole viwili vya mguu havikuwapo.

Ndugu yetu hasemi kwamba daktari alikosea. Huenda vidole vile vilikuwa vimekufa, na kama vingeachwa angeupoteza mguu mzima. Anauliza jambo moja tu: kwa nini hakuna mtu aliyemwambia? Yeye alidhani anakubali kushonwa. Kwa muda wa saa saba alikuwa kitandani, macho wazi, akili timamu, na hakuna aliyetumia hata dakika tano kukaa kando yake na kumweleza.

Mjumbe wetu alikwenda kuuliza. Nesi aliyemkuta zamu alikuwa mpole, akampa kiti. Lakini alipotajiwa sheria alijibu, "Sheria ipi? Karatasi hii ni ya kuilinda hospitali." Hapo ndipo tulipoona kwamba jambo hili halimhusu mtu mmoja na mguu wake tu, nasi tumeona yafaa kuliandika hapa.

Sheria ipo. Ni Sheria ya Afya, nambari 21 ya mwaka 2017. Kifungu cha 8 chasema kwamba anayemtibu mtu lazima amwambie hali ya afya yake, isipokuwa kama kuna ushahidi wa kutosha kwamba kumwambia kutamdhuru. Amwambie njia za matibabu zilizopo, faida zake, hatari zake, gharama zake na matokeo yake. Tena amwambie kwamba anayo haki ya kukataa, na kama akikataa yatampata mambo gani. Maneno hayo yasemwe, iwezekanapo, kwa lugha anayoielewa mgonjwa, na kwa namna inayolingana na kiasi cha kusoma kwake. Kifungu cha 9 ndicho kinachokataza kumpa mtu matibabu bila ridhaa yake, na chaeleza wazi kwamba ridhaa ni ile iliyotolewa na mtu aliyekwisha kuelezwa mambo hayo ya kifungu cha 8.

Basi dole la wino peke yake si ridhaa. Hili wafanyakazi wa reli hatuhitaji kufundishwa sana. Dereva apewapo kibali cha kuingia njia moja, hatii sahihi huku akitazama pembeni. Anakisoma, anatazama jina la stesheni na nambari ya gari, na kama hakielewi garimoshi halitoki, hata kama abiria wanapiga kelele. Mkuu wa stesheni akimpa kibali asichoweza kukisoma, kisha garimoshi mbili zikagongana, hatutasema kosa ni la dereva kwa kuwa sahihi yake ipo. Mbona hospitalini tunaona ni sawa?

Tusidanganyane, sheria ina mipaka yake. Mtu akiletwa amezimia, damu inamwagika, daktari hawezi kukaa akingoja azinduke apate kumwuliza. Sheria inamruhusu kutibu wakati wa dharura, au pale ambapo kuchelewa kutaleta kifo au madhara yasiyorekebika, maadamu mgonjwa mwenyewe hakuwa amekataa. Iko pia nafasi ya amri ya mahakama, na ya maradhi yanayohatarisha watu wengi. Wala kukataa si mchezo: mwenye kukataa anaweza kutakiwa athibitishe kwa njia rasmi kwamba amekataa, na matokeo ni yake. Lakini mtu aliyelala saa saba akizungumza na jirani zake alikuwa na nafasi ya kuulizwa.

Liko jambo jingine ambalo wanaume wengi hawatapenda kulisikia. Katika hospitali kadhaa mke wa mfanyakazi akitaka kupasuliwa huambiwa, "Mwite mzee wako aje atie sahihi." Mume yuko safarini Voi au Malaba, na mama analala na maumivu siku mbili akimngoja. Sheria haikusema mume. Inasema mwenye mwili, akiwa ni mtu mzima mwenye akili zake. Ni vizuri mume kuambiwa na mkewe, na ni vizuri zaidi wakishauriana, lakini nesi anayemrudisha mama kitandani kwa kukosa sahihi ya mume hafuati sheria. Anafuata desturi aliyoikuta wadini.

Sasa tusije tukawageukia manesi na madaktari kwa ukali. Wao ni wafanyakazi kama sisi, wana vyama vyao, na taabu yao twaijua. Hebu tukumbuke sheria hii ilizaliwa lini. Ilitiwa sahihi mwezi wa Juni 2017, wakati manesi wa serikali za kaunti walikuwa wamegoma tangu mwanzo wa mwezi huo, na mgomo wao haukwisha mpaka Novemba. Madaktari nao walikuwa wametoka katika mgomo wao wa siku mia moja mwezi wa Machi. Sheria ya kumheshimu mgonjwa ilipita huku wadi nyingi hazina mtu wa kuisoma. Waliporudi kazini, ni nani aliyewaketisha akawafundisha? Mtu anaajiriwa, anapewa koti na zamu ya usiku, anaonyeshwa rundo la fomu, basi. Anayemfundisha ni mwenziwe wa zamani, naye alifundishwa na mwingine kabla sheria haijakuwapo. Na nesi mmoja akiwa na wadi nzima usiku, hata akiijua sheria kwa moyo, atapata wapi dakika tano za kukaa kando ya kila kitanda?

Kwa hiyo lawama yetu tunaipeleka kwa waajiri wa hospitali, za kaunti na za watu binafsi. Wanayo pesa ya kuchapisha fomu, wawe nayo pia ya kufundisha wanaozishika. Wafundishwe wote: daktari, nesi, karani wa mapokezi, hata mfagiaji anayeitwa kutafsiri kwa kuwa yeye ndiye anayejua lugha ya mgonjwa. Fomu ziandikwe kwa Kiswahili. Na zile taratibu za kupeleka malalamiko, ambazo sheria inataka zibandikwe mahali ambapo kila aingiaye ataziona, zibandikwe mlangoni, zisifungiwe kabatini kwa msimamizi.

Na huku kwetu kazini pia tuangalie. Viko vituo vya matibabu vya waajiri ambako daktari analipwa na mwajiri, na mara nyingine husahau kwamba mgonjwa ni yule aliye mbele yake. Mfanyakazi anatolewa damu bila kuambiwa inapimwa nini, kisha majibu yanafika kwa karani wa ofisi kabla ya kumfikia yeye. Sheria ya mwaka 2006 juu ya Ukimwi inakataza kumlazimisha mtu kupimwa virusi hivyo ili apate kazi au abaki kazini. Na Sheria ya Afya inaamuru habari za mgonjwa ziwe siri. Ukitakiwa kupewa kazi nyepesi, msimamizi wako anahitaji kujua usibebe nini na kwa muda gani. Jina la ugonjwa si lake.

Halmashauri ya tawi imekubali kuwaandikia wakuu wa hospitali zinazowapokea wanachama wetu, kuwauliza ni wafanyakazi wao wangapi wamekwisha kufundishwa vifungu vya 8 na 9, na lini. Vilevile tutaviandikia vyama vya manesi na vya matabibu tukiwaomba tusimame pamoja katika jambo hili, maana kufundishwa kazini ni haki yao kama ilivyo yetu. Ili barua hizo ziwe na nguvu twahitaji ushahidi. Kila mwanachama ambaye yeye au mtu wa nyumbani mwake alitiliwa dole karatasi bila kuelezwa, aje kwa mjumbe wake na tarehe, jina la wadi, na nakala ya karatasi kama anayo. Majina ya wagonjwa hayataandikwa katika barua wala kusomwa mkutanoni ila kwa idhini yao wenyewe. Ndugu yetu wa gangi ya njia ametupa idhini ya kueleza habari yake kama tulivyoieleza, bila jina, na ametaka tuongeze kwamba bado anangoja kujibiwa.