Kipigo Hakizai Ukweli



Asubuhi ya Jumapili, tarehe 17 Februari 2013, Padre Evaristus Mushi alipigwa risasi hapa Unguja alipokuwa akifika kanisani kuadhimisha Misa. Katika uchungu wa namna ile ni rahisi kutamka: "Wakamatwe, wabanwe mpaka waseme." Neno hilo laeleweka kinywani mwa mfiwa. Hata hivyo yatupasa kulipima.

Visiwa vyetu vina kumbukumbu. Baada ya Mzee Abeid Amani Karume kuuawa tarehe 7 Aprili 1972, watu zaidi ya elfu moja walitiwa kizuizini. Mwaka 1973 washitakiwa 81 walifunguliwa kesi ya uhaini, bila mawakili wa kuwatetea, na ushahidi uliegemea mno maelezo ya kukiri. Baadhi yao walieleza mahakamani kwamba walikiri kwa kuteswa. Hukumu za kifo zikatolewa. Je, ukweli ulipatikana? Zaidi ya nusu karne imepita, na Wazanzibari wangali wakibishana ni nani hasa aliyepanga mauaji yale. Mateso yaliifunga kesi, hayakulijibu swali.

Bara nako yalitokea. Mwaka 1976, katika upelelezi wa mauaji ya kishirikina Mwanza na Shinyanga, watuhumiwa waliteswa, na baadhi yao wakafa mikononi mwa wapelelezi. Januari 1977 Mzee Ali Hassan Mwinyi, Waziri wa Mambo ya Ndani, alijiuzulu, ingawa hakumpiga mtu kwa mkono wake. Na mauaji ya vikongwe katika mikoa ile hayakukoma.

Sababu si ngumu. Mfa maji hukamata maji. Anayeteswa hasemi alijualo, bali lile litakalousimamisha mkono unaompiga. Asiye na hatia humtaja jirani yake, na muuaji halisi hulala usingizi. Sisi tunaokwenda kitubio twalijua hili: padre hampigi mtu ili aungame, kwa maana ungamo la kulazimishwa si ungamo. Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulilaani mateso mwaka 1965, na Katiba ya Jamhuri ya Muungano, ibara ya 13(6)(e), inayapiga marufuku.

Basi, viongozi wa jumuiya, mtu akikamatwa mtaani kwetu, awe wa kanisani au wa msikitini, ulizeni amepelekwa kituo gani. Wasaidieni jamaa zake wamwone na kumtafutia wakili. Akifikishwa mahakamani hapa Mwanakwerekwe naye ana majeraha, ashauriwe kumwonyesha hakimu. Na kijana anapopigwa sokoni kwa tuhuma ya wizi, tusishangilie. Umma unaoshangilia kipigo cha barabarani hauwezi kukikemea kile cha chumbani.

Haki ya Padre Mushi twaidai. Lakini twaidai haki itakayomfikia aliyemuua, si mtu yeyote aliyeshindwa kustahimili maumivu.