Michezo ya mtandaoni ijifunze kwa Bagika na Bagalu

Jioni vijana wa hapa Segese, Usukumani, wakitoka maduarani, kwenye mashimo ya dhahabu, hununua bando wakacheza Free Fire: watu 50 kisiwani, abaki mmoja. Wakimaliza, hawajuani tena. Mchezo mwingine, World of Warcraft, tangu 2004 umewaunganisha wachezaji kwa vyama, lakini bado kompyuta ndiyo inayogawa ushindi.

Sisi Wasukuma tunao mchezo wa umati, mashindano ya ngoma ya Bagika na Bagalu. Makundi haya mawili hucheza ngoma uwanja mmoja, saa ileile. Manju, kiongozi wa ngoma, hutunga nyimbo za kumchoma mpinzani, na anayevuta watu wengi ndiye mshindi. Mtazamaji akihama, amepiga kura kwa miguu. Ni michezo mingapi ya mtandaoni inayompa mtazamaji nguvu hiyo? Wabunifu wetu waanzie hapo, na wakitumia sanaa yake, manju alipwe.