Mizani Inapima Maji

Nimefundisha biolojia miaka 26, na mwanafunzi aliyenitoa jasho kuliko wote ni mama yangu. "Ati sukari inatoka hewani?" aliniuliza tukipalilia miwa yetu, ekari mbili hapa Awendo. Yeye alijua inatoka kwenye mbolea na mgongo unaouma.

Inatoka hewani, mama. Jani hufungua vitundu vyake, kaboni dioksidi ikaingia, na kwa nguvu ya jua ikaungana na kile kinachotokana na maji ya mizizi. Maharagwe nayo hufanya hivyo, ila kimeng'enya chao, rubisko, hubabaika: joto likizidi hunasa oksijeni mara kwa mara, na kazi huharibika. Muwa una ujanja. Seli za nje hunasa kaboni kwa kimeng'enya kingine kisichodanganyika, huifunga katika asidi yenye kaboni nne, kisha huisukuma hadi seli zinazozunguka mishipa ya jani. Huko ndiko rubisko huipokea kwa wingi. Mahindi na mtama ni vivyo hivyo, lakini siri ilifichuka kwenye miwa: watafiti wa Hawaii waliiona, na mwaka 1966 Hatch na Slack kule Australia wakaieleza.

Basi twende kwenye mizani, maana mkulima hulipwa kwa uzito. Sehemu kubwa ya tani ya miwa ni maji. Muwa mchanga hutumia sukari yake kurefuka. Uliokomaa, baada ya miezi 18 au zaidi, huiweka akiba shinani. Mizani haijui tofauti, na anayelipwa kwa kilo ana sababu gani ya kungoja? Mwaka 2023 ilibidi viwanda vya sukari vya magharibi mwa Kenya visimamishwe kwa miezi kadhaa ili miwa ikomae.

Miwa yangu iliwahi kukatwa ikalala siku tisa ikingoja trekta. Uzito ulikauka, na sukrosi ikavunjika kuwa glukosi na fruktosi, ambazo kiwandani huzuia sukari kuganda. Hasara ilikuwa yetu sote.

Tulipwe kwa kiwango cha sukari. Lakini saa ianze kuhesabiwa panga linapogusa shina, na anayechelewesha trekta agharamie utamu uliopotea. La sivyo mkulima ataadhibiwa kwa kosa la mwingine. Kifaa cha mkononi husoma utamu kwa matone machache tu ya maji ya muwa. Kiletwe shambani, tusome tarakimu pamoja kabla tela halijaondoka.