Herufi Moja

Ndugu makarani, njia ya TAZARA ipitayo hapa Tunduma ina vyuma viwili vilivyoachana milimita 1,067. Vya reli itokayo Kilosa, ikutanayo nayo Kidatu, vimeachana milimita 1,000. Tofauti haifiki upana wa vidole vinne, lakini kwa ajili yake ilibidi pale Kidatu pajengwe kituo cha kuhamishia mizigo kutoka behewa hadi behewa.

Wale walau walikuwa na sababu, kwani TAZARA ilijengwa mwaka 1970 hadi 1975 ilingane na reli za kusini. Sisi je? Hapa mpakani ukoo mmoja hukaa pande mbili: huku huandikwa Simkonda, ng'ambo Simukonda. Tumepata kumwona mjane akirudishwa mara tatu kwa ajili ya u hiyo, hata nauli ikamwishia, na karani aliyekosea (twakiri, ni mwenzetu) akasema ni jambo dogo. Dogo kwake. Kwa mama yule lilikuwa kiinua mgongo cha marehemu mumewe.

Jumapili twasikia habari za mwaminifu katika lililo dogo, twaitikia Amina. Jumatatu twaandika jina la mtu kwa kubahatisha.

Twashauri hivi: kabla ya kugonga muhuri, karani amsomee mwenye hati jina lake herufi kwa herufi, na asiyejua kusoma aombwe cheti chake cha ubatizo, au chochote alicho nacho, kilinganishwe. Atakayesema ya kuwa watu mlangoni ni wengi, na azihesabu safari za mama yule.