King'ora Ni Ombi, Si Amri

Anayeishi karibu na barabara ziendazo hospitali ya Addington au Victoria Mxenge (zamani King Edward VIII) hapa Durban amezoea ving'ora mchana na usiku. Kuzoea huko ndiko kunakonitia wasiwasi. King'ora kikishazoeleka hakimshtui mtu, na gari la wagonjwa lisipopishwa, anayelipa ni yule aliyelazwa ndani.

Wengi tunadhani king'ora kinampa dereva haki ya kupita bila masharti yoyote. Sheria ya usafiri barabarani ya Afrika Kusini, namba 93 ya mwaka 1996, haisemi hivyo. Kifungu cha 58 kinamruhusu dereva wa gari la wagonjwa au la zimamoto asitii alama ya barabarani, lakini kwa masharti: king'ora kiwe kinalia, kimulimuli kiwe kinawaka, na dereva aendeshe akijali usalama wa wengine. Sharti hilo la mwisho ndilo zito. Dereva anayeingia njia panda kwa kasi taa ikiwa nyekundu, akitegemea sauti peke yake, amelivunja hata kama king'ora chake kinasikika mtaa wa tatu.

Na je, kinasikika? Huu ni mji uliozaa muziki wa gqom, na daladala za huku, wenyewe wanaziita teksi, hubeba spika za besi zinazotikisa viti. Funga madirisha, washa kiyoyozi, ongeza gqom: king'ora kitakufikia gari likiwa limeshafika nyuma yako. Katikati ya mji majengo marefu nayo huurudisha mwangwi, ukabaki unageuza shingo usijue gari linatoka upande gani.

Ndiyo maana ufungaji si kazi ya kubahatisha. Spika ikae mbele, kwenye bampa au nyuma ya grili, isiwe juu ya paa. Hapo sauti inawaendea walio mbele na kuwapunguzia kelele wahudumu. Karibu na spika mlio hufikia desibeli 120 hivi, nao wanafanya kazi hiyo miaka na miaka. Spika zikiwa mbili, nyaya za chanya na hasi zisibadilishwe kwenye mojawapo, la sivyo moja itasukuma hewa huku nyingine ikivuta na sauti itapungua. Fyuzi iwe karibu na betri. Vitufe viwe mahali mkono unapofika bila macho kuacha barabara, na visikae pale mfuko wa hewa unapofumukia.

Hata kikifungwa vizuri, si kila safari inakihitaji. Utafiti uliofanywa Greenville, Marekani, na kuchapishwa mwaka 1995, ulipima muda ambao magari ya wagonjwa yaliokoa kwa taa na king'ora: wastani wa sekunde 43.5. Kwa aliyesimama moyo, hizo ni nyingi. Kwa aliyevunjika mkono hazifai kitu, na hazistahili kuhatarisha maisha ya mtembea kwa miguu.

Wanaonikera zaidi ni wale wasiobeba mgonjwa. Misafara ya wakubwa yenye taa za buluu imelalamikiwa nchi hii kwa miaka mingi. Mwaka 2008, kwenye barabara ya N3 katika jimbo letu la KwaZulu-Natal, askari wa msafara wa waziri mmoja wa jimbo alipiga risasi tairi la gari ambalo halikupisha, na watu kadhaa wakaumia. Wenzetu wa Dar es Salaam na Nairobi hawatashangaa. Kwetu pia mtu mwenye gari kubwa na hela kidogo hujifungia king'ora ili aruke foleni. Mimi namwita mwizi: kila akikipiga bure anamwibia mgonjwa wa kesho subira ya madereva, na subira hiyo haina duka.

Wenye leseni miongoni mwetu tuna kazi ndogo. Ukiona kimulimuli kwenye kioo, punguza muziki, washa indiketa, sogea kushoto taratibu, usimame. Usifunge breki ghafla katikati ya njia, wala usivuke taa nyekundu ili kupisha; wewe huna king'ora cha kuwaonya wanaokatiza. Gari likishapita, tazama kioo tena kabla ya kuondoka, maana mara nyingi la pili linafuata.