Mbu Aliyefukuzwa Huenda Wapi?

Miswada iliyotufikia kwa ajili ya toleo hili imenifurahisha kwa wingi wake na kunikera kwa jambo moja. Kivumbasi, mchaichai, mwarobaini, mkaratusi wa limau: kila mmea umepimwa kwa mkono uliopakwa mafuta na kuingizwa kizimbani mwa mbu, saa za kinga zikahesabiwa, kisha hitimisho likarukia malaria. Hakuna aliyemtoboa mtoto kidole akatafuta vimelea. Hatua hiyo iliyorukwa ndiyo yenye shida yote, na watetezi wa mimea pamoja na wapinzani wao wanaipita kila wanapobishana.

Wazee waliochoma kivumbasi jioni hawakukosea. Utafiti uliochapishwa mwaka 2008 kuhusu kaskazini mashariki mwa Tanzania ulionyesha kwamba mimea inayotumiwa na wenyeji wa huko hupunguza kweli kuumwa na mbu. Lakini kuumwa kidogo na kuugua kidogo ni mambo mawili. Mbu jike aliyekosa damu kwako hafi. Anakwenda nyumba ya pili. Chandarua chenye dawa humuua, ndiyo maana kaya nyingi zikikitumia hata jirani asiye nacho hupata nafuu. Dawa ya kufukuza haimpi jirani chochote, na huenda ikamwongezea mzigo: majaribio yaliyofanyika Tanzania yameonyesha mbu wakihamia kwa wale ambao hawakujipaka. Na katika kijiji, asiyejipaka ni nani? Mara nyingi ni mgonjwa, mzee anayeishi peke yake, mtoto aliyelala kabla mama hajamaliza kazi za jioni. Anayetaka kijiji kizima kitegemee mafuta ya mchaichai, ambayo harufu yake huisha ngozini mapema usiku, anapaswa kutueleza watu hao watalindwa vipi. Katika miswada yote niliyosoma, swali hili halikuulizwa hata mara moja.

Nitajibiwa kwa mfano wa Bolivia. Ni mfano mzito: mwaka 2007 ilitangazwa kwamba kaya zilizotumia dawa iliyotokana na mkaratusi wa limau pamoja na vyandarua zilipata malaria ya vivax pungufu kwa asilimia 80 kuliko zilizotumia vyandarua peke yake. Lakini mbu wa kule huuma sana mapema jioni, watu wakiwa bado macho na mafuta yakiwa bado mwilini, na kilichopakwa kilikuwa kiambato kilichosafishwa na kupimwa, si majani yaliyopondwa. Jaribio lililofanywa Bonde la Kilombero kwa losheni ya DEET, ambayo ni ya kiwandani kabisa, halikuonyesha upungufu wa malaria wa kutegemewa. Kwa hiyo sisemi kwamba mimea imeshindwa mahali ambapo kemikali zimefaulu. Nasema kujipaka, kwa dawa yoyote ile, kunategemea saa anazouma mbu wa eneo hilo na uaminifu wa kila mtu kila jioni.

Ndiyo maana makala ya pareto katika toleo hili inastahili kusomwa kwanza. Maua yanayochumwa Mafinga na Nakuru humfukuza mbu na pia humuua, na dawa iliyomo katika vyandarua vyetu imeundwa kwa kuiga kemia yake. Mpaka kati ya shamba na kiwanda, ambao wachangiaji kadhaa wanaupigania kwa nguvu, hauonekani kabisa hapa. Mbu nao hawautambui: usugu waliojijengea dhidi ya dawa hizo za kuigwa unaweza kuwakinga hata dhidi ya pareto yenyewe. Huko Misungwi, mkoani Mwanza, aina nne za vyandarua zilishindanishwa na matokeo yakachapishwa mwaka 2022. Baada ya miaka miwili, asilimia 45.8 ya watoto waliopimwa katika vijiji vyenye vyandarua vya dawa ya kawaida walikuwa na vimelea. Penye vyandarua vilivyoongezewa dawa nyingine, klofenapiri, walikuwa asilimia 25.6. Hicho ndicho kipimo ninachokidai kwa kivumbasi. Kukidai ni kuiheshimu mimea, maana anayeipima kwa kipimo chepesi ameshakata tamaa nayo.

Wapo wanaosema majani ni bure na chandarua ni ghali. Kwa Tanzania hoja hiyo ina nguvu ndogo, kwa kuwa vyandarua hugawiwa bure kliniki na shuleni. Iliyo na nguvu ni ile ya saa za kabla ya kulala, mama akiwa jikoni uani na watoto wakiwa nje, ambapo chandarua hakisaidii kitu. Hapo mimea ina nafasi halali, ila isiwe kwa kufukiza ndani, maana moshi unadhuru mapafu ya watoto haohao tunaotaka kuwaokoa. Kwingineko katika toleo hili, makala kuhusu samaki katika majaruba ya mpunga ni fupi na safi. Ile ya sheria za usajili wa dawa za mitishamba itawafaa watengenezaji wadogo.

Mwaka 2022 kiwango cha maambukizi ya malaria kwa watoto wa chini ya miaka mitano Tanzania kilikuwa asilimia 8, lakini Tabora kilifika 23. Takwimu hizo hutoka katika damu, si kizimbani; kwa hiyo kuanzia toleo lijalo, mswada wowote utakaotaja malaria katika kichwa chake utatakiwa kuonyesha vimelea vilivyohesabiwa katika damu za watu, wakiwemo majirani wasiojipaka. Usioweza kufanya hivyo utaje mbu tu, nasi tutauchapisha kwa furaha.