Aliyepandikizwa figo aulizwe kuhusu pombe, asihukumiwe

Mgonjwa wa Isiolo akishapandikizwa figo Nairobi au Eldoret, upasuaji huwa umekwisha lakini kazi ndiyo kwanza inaanza. Mwili huiona figo ile kuwa ngeni, kwa hiyo maisha yake yote atameza dawa za kutuliza kinga ya mwili, kama vile takrolimasi, kwa saa zilezile kila siku. Dawa ikipungua katika damu, kinga huishambulia figo. Ikizidi, dawa yenyewe huiumiza figo hiyohiyo. Daktari anayefuatilia kiwango hicho mara nyingi yuko Nairobi, karibu kilomita 285 kwa barabara, na kati ya kliniki moja na nyingine mgonjwa hujilinda mwenyewe. Ndiyo maana naamini kila aliyepandikizwa, awe Mborana, Mturkana, Mmeru au Msomali, aulizwe waziwazi anakunywa nini na mara ngapi, na jibu lake lisimpunguzie huduma hata chembe.

Madhara ya pombe kwa mtu huyu yanajulikana. Unywaji mwingi hupandisha shinikizo la damu, na shinikizo huharibu figo. Pombe pia hukausha mwili, jambo zito katika joto la Isiolo. Tena ini ndilo linalovunja takrolimasi, hivyo ini lililochoka huvuruga kiwango cha dawa. Lakini kwa maoni yangu hatari kubwa zaidi ni ya saa: aliyelewa jioni hupitwa na dozi ya jioni, na akiamka amechoka hupitwa na ya asubuhi. Uchambuzi wa kumbukumbu za wagonjwa wa Marekani uliochapishwa mwaka 2007 uliwakuta waliokuwa na uraibu wa pombe wakipoteza figo na kufariki zaidi ya wenzao.

Atakayepinga ana ushahidi wake pia. Mwaka 2011 watafiti wa Groningen, Uholanzi, waliofuatilia wapokeaji figo wapatao 600, waliona kwamba waliokunywa kwa kiasi hawakupatwa na kisukari wala kufariki kwa wingi kama wasiokunywa. Matokeo hayo hayafai kufichwa. Ila hayathibitishi kwamba pombe ndiyo iliyowalinda, kwa kuwa miongoni mwa wasiokunywa huwamo wengi walioacha kwa sababu tayari walikuwa hoi. Na hata yangethibitisha, glasi ya divai ya Uholanzi ina kipimo kinachojulikana. Chang'aa ya kupikwa mafichoni haina. Sheria ya mwaka 2010 iliruhusu chang'aa itengenezwe kwa viwango na kufungwa kwenye chupa, lakini inayopikwa kwa siri haikuisha, na Februari 2024 pombe haramu iliua watu Kirinyaga. Methanoli inapoingia kwenye kinywaji kama hicho hupofusha macho, na anayenusurika huenda akahitaji kusafishwa damu kwa mashine ileile ambayo mpokeaji figo alidhani ameagana nayo. Basi chang'aa asiiguse kamwe. Bia ya chupa ni bora aiache pia, na asipoweza kuiacha, daktari ajue.

Isiolo ni mji wenye Waislamu wengi, na wapo watakaosema kumuuliza Mwislamu kuhusu pombe ni kumvunjia heshima. Pingamizi hilo lina uzito wake. Hata hivyo kinachokatazwa hunywewa gizani, na muuguzi anayeruka swali kwa kuangalia jina la mgonjwa humwacha peke yake na siri yake. Kumsitiri mtu aibu yake ni adabu ya dini, na kifungu cha 11 cha Sheria ya Afya ya mwaka 2017 kinalinda siri za mgonjwa. Swali la faraghani linatimiza yote mawili. Miraa nayo iingizwe humo humo. Inashuka kutoka Igembe kila siku, hupandisha presha, hufukuza usingizi, na kuna watafunaji wanaokunywa ili handas, yaani mchangamko wa miraa, ishuke walale.

Pingamizi gumu kuliko yote ni la ndugu aliyetoa figo. Nchini Kenya karibu figo zote zinazopandikizwa hutoka kwa watu walio hai, aghalabu jamaa wa mgonjwa, na dada aliyekubali kupasuliwa ana haki ya kukasirika akimwona kaka yake kilabuni. Kabla ya upasuaji, hasira hiyo hospitali iisikilize: mlevi wa kupindukia atibiwe ulevi kwanza, maana dialisisi, yaani kusafishwa damu kwa mashine, inaweza kumshikilia kwa muda. Baada ya upasuaji hali hubadilika. Figo iko ndani, na anayeogopa kufukuzwa kliniki atasema hanywi. Daktari ataona kreatinini, dalili katika damu ya figo kuchoka, inapanda, atabadilisha dawa na kuagiza vipimo vya gharama, huku sababu halisi ikikaa kimya mbele yake. Uongo huo haumfaidi dada hata kidogo. Ningependa muuguzi aanze na swali lisilo na mtego: Jumamosi iliyopita, dozi ya jioni uliimeza saa ngapi? Akijibiwa kwamba haikumezwa, aulize kilichotokea jioni hiyo, aandike, kisha wapange pamoja nani nyumbani atakayemkumbusha Jumamosi ijayo.